Kuhamisha na Kupogoa Mndimu wa Chunguni: Mwongozo kwa Wakaao Nyumba za Mawe za Lamu

Mndimu uliokaa chunguni miaka 3 au 4 bila kuguswa mizizi hutoa dalili kabla haujafa, na dalili hizo mara nyingi husomwa vibaya. Majani hukauka nchani, rangi ya kahawia ikiingia polepole kutoka ukingoni; ndimu changa hupukutika zikiwa bado ndogo kama punje za mbaazi; maji yanayomiminwa asubuhi hupita upesi na kutokea chini kana kwamba hayakukuta udongo njiani. Mwenye mti akiyaona majani hayo huchukua mkasi, au huenda dukani kununua mbolea. Mimi nimefikia kuamini kwamba katika mji wetu inafaa kazi ianzie chini: mizizi ionekane kwanza, kisha mizizi hiyo ndiyo ituambie ni matawi mangapi yanayofaa kubaki.

Sababu kubwa ni chumvi. Visima vingi vya mjini vina maji yenye ukali wa chumvi, na upepo wa bahari huleta chumvi nyingine juu ya majani na juu ya dari zetu, yaani mapaa yetu ya bapa. Mti ulio shambani husafishwa na masika, kwa kuwa mvua kubwa huisukuma chumvi ikashuka mbali na mizizi, lakini mti wa chunguni hauna pa kuishushia. Kila unaponyweshwa, maji hupaa na jua, chumvi ikabaki, na mwaka hadi mwaka hujilimbikiza mpaka utando mweupe ukaonekana kwenye ukingo wa chungu. Ndimu na jamaa zake, yaani malimau, machungwa na machenza, ni miongoni mwa miti ya matunda isiyostahimili chumvi. Kwa hiyo kuuhamisha mti huu Lamu ni kuupa nafasi na pia ni kuuosha.

Haya ninayoyaeleza yanahusu mndimu, ila mlimau na mchenza hufuata utaratibu uleule. Mkomamanga, ambao nyumba nyingi za hapa hupenda kuwa nao, ni mti wa tabia nyingine: huvumilia chumvi zaidi na hukubali kukatwa zaidi, basi usiupime kwa kipimo hiki.

Wakati wa kazi

Ngoja mvua za kwanza za masika zishike, kwa kawaida ndani ya Aprili. Wakati huo mawingu hupunguza ukali wa jua, hewa huwa na unyevu, na maji ya mvua yapo ya kuoshea mizizi. Usiifanye kazi hii katika kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hata kama nafasi yako ni wakati huo tu. Mwaka mmoja nilifanya haraka nikauhamisha mti Februari kwa sababu chungu kilikuwa kimepasuka, nikaufungua katikati kwa kukata matawi matatu makubwa. Ndani ya wiki 2 gome la upande wa magharibi, ambalo siku zote lilikuwa kivulini mwa majani yake lenyewe, lilibabuka na jua, likapasuka kwa urefu na kukauka hadi kwenye ubao. Mti uliishi, lakini upande ule haukuzaa tena. Kama chungu kimepasuka wakati wa kaskazi, kifunge kwa kamba, kikingie gunia, na usubiri.

Kama mti una ndimu zinazokaribia kukomaa, zichume kwanza. Kama umo katikati ya kuchanua, amua mapema kwamba maua ya safari hii umeyasamehe.

Chungu na mahali pake

Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 5 hivi kila upande, si zaidi. Watu wengi hudhani kwamba chungu kikubwa sana ni hisani kwa mti, kumbe udongo ambao mizizi haijaufikia hukaa na maji muda mrefu, ukachacha, na mizizi ikaoza kabla haijaenea. Kwa mndimu uliokomaa, chungu cha upana wa sentimita 45 hadi 60 kinatosha kuwa makao yake ya kudumu; baada ya hapo mti hurudishwa chungu kilekile, mizizi ikiwa imepunguzwa. Chungu cha udongo hupumua, na chumvi nyingine hutokea ubavuni mwake ambako unaweza kuisugua, lakini hukauka upesi. Pipa la plastiki huhifadhi maji zaidi, ila ubavu unaopigwa na jua huchemsha mizizi, na hivyo lizungushie jamvi kuukuu au gunia. Chini yawepo matundu yasiyopungua 6, kila moja likipitisha ncha ya kidole.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwa ajili ya wanaoweka miti darini. Dari za nyumba zetu za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti hizo, ambao hauzidi mita 3 hivi. Juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo ambao tayari ni mzito. Chungu cha upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 40 huchukua zaidi ya lita 60, na udongo wake ukilowa hupita kilo 80; pipa la lita 200 lililokatwa nusu hupita kilo 120. Uzito kama huo usiuweke katikati ya chumba. Uweke pembeni, karibu na ukuta ambako vichwa vya boriti vimekaa, na kama ni vyungu vingi usivipange vyote upande mmoja. Inua kila chungu juu ya matofali matatu ili upepo upite chini na sakafu ikauke, kwani maji yanayotuama juu ya chokaa hupenya, na boriti ikishaanza kuoza kwa ndani huwezi kuliona jambo hilo mpaka lipu ya chini ianze kuanguka. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba hizi, nasi tunaokaa ndani yake tuna wajibu wa kutoziozesha kwa chungu cha ndimu.

Kama una kiwanda, yaani ule ua wa ndani wa nyumba, na jua hukifikia saa 5 au 6 kwa siku, huko ndiko mahali bora kuliko dari, kwa sababu kuta hukinga upepo wa kusi.

Udongo

Changanya sehemu 2 za udongo wa shamba, sehemu 1 ya samadi iliyooza na sehemu 1 ya usumba wa nazi uliooshwa. Kipimo kiwe ndoo ileile kwa vyote. Udongo wa shamba huja mjini kwa magunia juu ya punda. Uchague ulio mwekundu au wa kahawia, unaoshikana kidogo ukiubana kiganjani na kumeguka ukiusukuma kwa kidole gumba. Mchanga wa ufuoni usiutumie hata ukiuosha mara ngapi, maana pamoja na chumvi una vipande vya makombe na matumbawe ambavyo ni chokaa tupu. Mchanga wa vilima vya Shela pia uache mahali pake, kwa kuwa vilima hivyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya mji.

Usumba unahitaji uangalifu ambao mtu wa bara hahitaji kuujua. Makumbi ya kutengenezea kamba huku kwetu hufukiwa ufuoni kwa miezi ili yalainike, na usumba unaotoka humo umejaa chumvi ya bahari. Hata makumbi makavu yaliyolala pwani huwa na chumvi yake. Uloweke usumba katika maji matamu usiku kucha, uyamwage maji, uukamue kwa mikono, kisha urudie. Maji ya kwanza hutoka mekundu kama chai ya rangi iliyokolea, ya pili hufifia, na kwa kawaida ya nne huwa karibu na rangi ya maji yenyewe. Hapo ndipo unapofaa.

Samadi ya punda tunayo ya kutosha, wala haiuzwi ghali, lakini isitumike mbichi. Ilundike mahali penye kivuli, ifunikwe kwa turubai, igeuzwe kila baada ya wiki 2 na inyunyizwe maji kidogo, kwa muda usiopungua miezi 3. Mwanzoni rundo huwa na joto unaloweza kulihisi kwa mkono, na joto hilo ndilo linaloua mbegu nyingi za majani aliyokula punda. Ikiiva huwa nyeusi, nyepesi, haina harufu ya zizi. Vaa glavu kila unapoishika. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, na mwiba wa mndimu hutoboa ngozi kwa kina, mahali ambapo vijidudu hivyo hupata nguvu. Mtu ambaye hajachanjwa kwa muda mrefu aulize zahanati kabla ya kuizoea kazi hii.

Jambo moja la desturi ninaliomba liachwe: kujaza vipande vya mawe ya matumbawe chini ya chungu, eti maji yapite. Mawe hayo huongeza chokaa udongoni, na mndimu katika udongo wenye chokaa nyingi hushindwa kupata madini ya chuma, majani machanga yakawa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wala mawe ya aina nyingine hayasaidii maji kupita. Hupunguza tu kina cha udongo. Kinachotakiwa ni kipande cha wavu wa kuvulia uliochakaa, kilichokunjwa mara mbili na kulazwa juu ya matundu, ili maji yatoke na udongo ubaki.

Siku iliyotangulia

Unyweshe mti jioni mpaka maji yatoke chini. Udongo uliolowa hushikana na mizizi, na mti ulioshiba maji huvumilia vizuri zaidi. Andaa mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo, kisu kirefu chenye meno kama cha kukatia mkate, kijiti cha urefu wa mkono, gunia lililolowa, turubai na ndoo 3 au 4 za maji ya mvua. Vyuma vyote vioshwe kwa sabuni, vikaushwe, kisha vipanguswe kwa spiriti. Na kama mti una tawi lenye vidonda, pangusa tena kila baada ya kulikata.

Kusafisha juu kabla ya kugusa chini

Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, ondoa yaliyo wazi tu. Matawi yaliyokufa huonekana kwa rangi ya kijivu na kwa kukatika yakipindwa. Ukiwa na shaka, kwaruza gome kwa ukucha, na ukiona kijani chini yake, tawi li hai. Yakate yaliyokufa mpaka ufike kwenye ubao mzuri. Kata pia matawi yaliyolalia udongo, ili baina ya udongo na tawi la chini kabisa pawe na nafasi ya sentimita 30 hivi.

Kisha tazama shina kwa chini. Mche uliobebeshwa una alama, kifundo au mpindo mdogo mahali pandikizo lilipoungana na shina la chini, ambalo hapa Kenya mara nyingi ni la limau kali. Chipukizi lolote linalotoka chini ya alama hiyo si ndimu yako; hukua kwa kasi, huwa na miiba mirefu, na likiachwa huumaliza mti. Ling'oe kwa kulivuta upande likiwa changa, badala ya kulikata, maana likikatwa huacha macho yanayochipua tena. Lakini usilifanye hili kabla ya kujua mti wako umetoka wapi. Miti mingi ya ndimu mjini imeota kwa mbegu, na ndimu yetu hii ndogo huzaliana kwa mbegu bila kubadilika sana, kwa hiyo chipukizi la shinani katika mti wa mbegu ni ndimu ileile na linaweza hata kufaa kuchukua nafasi ya shina lililozeeka. Niliwahi kuuziwa mche kwa bei ya uliobebeshwa, nikaukagua nyumbani nisione kifundo chochote. Ulikuwa wa mbegu, na nikachelewa kula ndimu zake miaka 2 zaidi ya nilivyotarajia. Tangu siku hiyo hupapasa shina kwa kidole kabla ya kutoa fedha.

Kuutoa mti na kuisoma mizizi

Kilaze chungu ubavu juu ya turubai. Pitisha kisu kati ya udongo na ukuta wa chungu kwa kuzunguka, kisha mtu mmoja ashike chungu na mwingine ashike shina karibu kabisa na udongo, avute polepole bila kutikisa. Mti ukikataa, mimina maji kupitia matundu ya chini na ungoje. Kuvunja chungu cha shilingi chache ni afadhali kuliko kung'oa mizizi.

Bonge likishatoka, uache mkasi chini na utazame. Mizizi mizima ya mndimu ina weupe wa maziwa au umanjano hafifu, na ile myembamba ya kunyonya hukatika kwa sauti ndogo kama tambi mbichi. Mizizi iliyooza ni myeusi. Ukiibana gome lake huvuka na kubaki uzi katikati ya vidole vyako, na harufu yake ni ya tope la mikokoni. Katika bonge la chungu cha Lamu mara nyingi utakuta pia vumbi jeupe lililogandamana ubavuni, hasa kwenye theluthi ya juu, na karibu nalo mizizi haipo au imekauka. Hiyo ndiyo chumvi. Mizizi mingine itakuwa imezunguka chini kama kamba iliyokunjwa jahazini, duara juu ya duara, ikitafuta njia ambayo haikuwapo.

Sasa kata. Kwa kisu cha meno, punguza tabaka jembamba ubavuni pande zote na chini, ukiyaondoa yale maduara yote. Mizizi minene inayozunguka ikate kwa mkasi mahali inapoanza kupinda, ili mipya ielekee nje. Iliyooza ifuate mpaka ufike kwenye weupe. Udongo wa juu wenye utando wa chumvi ukwangue sentimita 3 au 4 kwa kijiti, bila kugusa mizizi mikuu. Kwa jumla usizidishe robo ya bonge. Kama kuoza kumekulazimisha kufika theluthi, fahamu kwamba huko juu nako itakubidi uwe mkali.

Usiukung'ute udongo wote. Mndimu si mti wa kuachwa mizizi uchi. Mizizi yake laini hukaukiwa haraka sana, na udongo wa katikati ndio unaoishikilia. Badala yake, simamisha bonge juu ya matofali na ulimiminie ndoo 2 za maji ya mvua, polepole, kwa kikombe, kutoka juu, ili maji yapite ndani na kuondoka na chumvi. Hatua hii watu huiruka, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukimaliza, lifunike bonge kwa gunia lililolowa mpaka chungu kiwe tayari, na lisipigwe na jua hata kidogo.

Kupanda

Weka wavu, kisha udongo kiasi cha kuuinua mti ufikie kimo chake cha zamani. Shina lisizame zaidi ya lilivyokuwa, na kifundo cha pandikizo kibaki juu ya udongo kwa sentimita 10 au zaidi, kwani gome likifukiwa huoza. Jaza udongo kwa kuzunguka, ukichomachoma kwa kijiti ili pasibaki uwazi, kisha ushindilie kwa vidole. Acha sentimita 5 kutoka ukingoni ili maji yapate pa kukaa.

Kupogoa kwa kipimo cha mizizi

Ukisha kujua umeondoa mizizi kiasi gani, utajua uondoe majani kiasi gani. Robo chini, robo juu. Theluthi chini, theluthi juu. Mti usiopunguzwa baada ya kukatwa mizizi huendelea kupumua maji kwa majani yote ilhali mdomo wake umepunguzwa, nao hunyauka hata udongo ukiwa umelowa.

Anza na matawi yanayosuguana: katika kila mawili, liondolewe lililo dhaifu au linaloelekea ndani. Kisha kata yale maotea marefu, laini, yenye miiba mikubwa, yanayopanda wima kutoka katikati. Hayo hula nguvu na hayazai upesi. Yakishatoka hayo, rudi nyuma hatua tatu uuzunguke mti, kwa sababu mara nyingi kipimo huwa kimetimia tayari. Kama bado, fupisha matawi marefu ya nje, ukikata milimita 5 juu ya jicho linalotazama nje, mkato ukiinama kidogo ili maji ya mvua yateleze. Usikate ncha zote za mti kwa siku moja: ndimu huchanua kwenye machipukizi mapya, na mti ulionyolewa kila ncha hutumia muda mrefu kuota majani kabla haujarudi kwenye maua.

Tawi likitolewa zima, likatwe nje ya ule mkunjo mdogo wa gome lililoungana na shina. Usiache kisiki, wala usikate hadi kulijeruhi shina. Lililo nene kuliko kidole gumba likatwe kwanza kwa chini, nusu ya unene, kisha kwa juu mbele kidogo, na mwisho ndipo kisiki kiondolewe. Bila hivyo tawi likianguka huchuna gome mpaka chini. Vidonda usivipake rangi wala lami, vitajifunga vyenyewe.

Upande wa magharibi uache majani zaidi, kwa sababu ya lile jua la alasiri nililolieleza. Kama shina limebaki wazi, lipake chokaa iliyozimuliwa kwa maji ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Chokaa hiyo ni ileile ya kupakia kuta zetu, na weupe wake hurudisha jua. Kwanza funika udongo wa chungu kwa karatasi, isidondokee mizizini.

Maji na mapumziko

Nywesha mara moja kwa maji ya mvua mpaka yatoke chini kwa wingi, kisha uache. Bibi yangu, ambaye mndimu wake ulikaa kiwandani karibu na birika la kuhifadhia maji, alikuwa akinambia, "Mwanangu, gonga chungu kabla hujakinywesha." Chungu cha udongo kikigongwa kwa kifundo cha kidole hulia kama kengele kikiwa kikavu, na hutoa sauti nzito, iliyozibwa, kikiwa na maji. Pipa la plastiki halisemi. Hapo ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, na kama ncha inahisi ubaridi wa unyevu, subiri hadi kesho. Maji yanayobaki kwenye sahani ya chini yamwagwe siku hiyohiyo, yasiwe mazalio ya mbu.

Kwa wiki 2 mti ukae kivulini penye mwanga, kiwandani au chini ya makuti. Wiki ya tatu uonjeshwe jua la asubuhi, na kuanzia wiki ya tano unaweza kurudi darini. Kufikia Juni kusi huwa na nguvu, na mti ambao mizizi yake haijashika huyumba na kukata mizizi mipya, kwa hiyo ufunge kwenye mambo (vigingi) mbili zilizosimamishwa ndani ya chungu, kwa kamba ya usumba iliyozungushwa kama tarakimu 8 baina ya mti na mambo, isibane gome.

Baadhi ya majani yatapukutika katika siku 10 za kwanza, na hilo lisikutishe. Jani linaloanguka lenyewe limeachiwa na tawi lililo hai. La kutia wasiwasi ni jani linalokauka na kubaki limening'inia, maana tawi lenyewe halina tena nguvu ya kuliachia. Ukiona hivyo, rudisha mti kivulini, punguza tawi hilo mpaka kwenye kijani, na wala usiongeze maji.

Mbolea isiwekwe kwa wiki 8. Ile ya dukani tunaiita mbolea ya chumvichumvi, na jina limebeba ukweli wake: ukiiweka juu ya mizizi iliyokatwa jana, unairudishia chumvi uliyotoka kuiosha. Baada ya wiki 8 tandaza samadi iliyooza unene wa vidole viwili, isiguse shina. Ukipenda kutumia ya dukani, tumia nusu ya kipimo kilichoandikwa, juu ya udongo uliolowa. Majani machanga yakija manjano yenye mishipa ya kijani, tafuta kwa wauza pembejeo dawa ya madini ya chuma ya kunyunyizia majani.

Machipukizi mapya yakitokea yatavuta wadudu. Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano. Mtoe kwa mkono kila asubuhi, naye akiguswa atatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali zisizodhuru. Njia nyembamba za rangi ya fedha ndani ya majani ni kazi ya viluwiluwi vya nondo mdogo, na majani hayo usiyakate, bado yanaulisha mti. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, tafuta wadudu gamba chini ya majani na uwapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Maua ya kwanza yatolewe, au angalau ndimu zibakizwe chache sana, mpaka mti uwe umetoa awamu mbili za majani mapya.

Kila mwezi, isipokuwa masika yenyewe yakifanya kazi hiyo, mimina kwa mfululizo maji matamu mara 2 ya ujazo wa chungu, taratibu, yote yapite chini na kumwagwa mbali. Kwa chungu cha lita 60 ni ndoo 6 za lita 20. Ni maji mengi kwa mji kama wetu, na ndiyo maana ninaweka tangi dogo chini ya mlizamu (mfereji wa maji ya mvua) wa dari kwa ajili ya mti peke yake. Tarehe ya kuhamisha iandike kwa rangi chini ya ukingo wa chungu, upande usiopigwa na jua, ili baada ya miaka 2 au 3 ujue ni mwaka gani wa kukilaza tena ubavu.